Mtoto wa mfalme aliyefichwa kwenye kampeni yenu: siri ya nasaba haina kazi mpaka posa ifike mlangoni

#1 · Mleta uzi

Salaam wakuu. Uzi huu ni wa wale tunaocheza michezo ya kuigiza wahusika mezani: msimamizi mmoja anayeongoza hadithi, wachezaji wanne watano, dadu ya pande 20 na karatasi za wahusika. Hadithi ndefu inayochezwa kikao baada ya kikao ndiyo tunaiita kampeni. Msiocheza karibuni pia, kwa sababu sehemu kubwa ya uzi ni historia ya kweli.

Mtindo uliozoeleka mnaujua. Mhusika ni yatima, kalelewa na mhunzi kijijini, ana pete aliyoachiwa au alama ya kuzaliwa begani. Msimamizi anaibana siri mpaka kikao cha mwisho, mzee mwenye mvi anapiga goti mbele yake na kusema wewe ndiye mrithi, meza inashangilia, kampeni imeisha. Mimi naona hapo mmetupa nyama mkala mfupa. Nani alimlipa mhunzi amlee mtoto? Aliyekalia kiti analala vipi? Mabwana wa nchi waliokwisha kugawana ardhi ya mfalme aliyekufa watairudisha? Maswali hayo ndiyo mchezo wenyewe, na yote yamefungiwa nje.

Hoja yangu ni hii. Nasaba iliyofichwa iingie mezani mapema, iingie kama dai. Wapo wanaoliamini, wapo wanaolipinga, na wapo ambao hawajali ukweli wake ila wanajua litawaingizia nini. Na dai hilo hupata meno pale mtu anapoleta posa, kwa sababu anayetaka kukuoa amesema hadharani anakuhesabu wewe ni nani.

Chukueni Uingereza ya mwishoni mwa karne ya 15. Mfalme Edward IV alikufa Aprili 1483 akaacha wana wawili, mkubwa ana miaka 12, mdogo 9. Baba yao mdogo, Richard, akawa mlinzi wa ufalme. Haikufika miezi mitatu akawa yeye ndiye mfalme. Hakusema "nina nguvu kuliko hawa watoto". Hoja iliyotolewa ni kwamba Edward, kabla hajamwoa Elizabeth Woodville, alikuwa ameshaahidiana ndoa na mwanamke mwingine, Eleanor Butler. Kwa sheria ya Kanisa ya wakati ule, ahadi ya ndoa iliyofuatwa na kulala pamoja ilikuwa ndoa kamili. Basi ndoa ya pili batili, na watoto wake wote wana haramu. Bunge la 1484 likaiandika hoja hiyo kuwa sheria iitwayo Titulus Regius. Wale watoto wawili waliwekwa kwenye Mnara wa London, na baada ya majira ya joto ya 1483 hakuna aliyewaona tena.

Eleanor mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1468. Kwa hiyo uchumba wa zamani, ambao mwanamke wake hayupo kuukiri wala kuukana, uliwavua watoto wa mfalme ufalme wao. Msimamizi gani hapa angethubutu kubuni kitu kama hicho?

Mwaka 1485 Henry Tudor, mdai mwingine wa kiti, akamshinda Richard kwenye vita vya Bosworth, akawa mfalme. Henry naye damu yake ilikuwa na maswali. Haki yake ilipitia kwa mama yake, Margaret Beaufort, na ukoo wa Beaufort ulianzia kwa watoto ambao John of Gaunt, mwana wa mfalme Edward III, aliwazaa na Katherine Swynford kabla hawajaoana. Watoto hao walihalalishwa na Bunge mwaka 1397. Mwaka 1407 mfalme Henry IV akathibitisha uhalali huo lakini akaongeza maneno machache: isipokuwa taji. Ndiyo maana Henry Tudor alihitaji ndoa. Alikuwa ameapa tangu Krismasi ya 1483, akiwa uhamishoni Brittany (leo ni sehemu ya Ufaransa), kwamba atamwoa Elizabeth wa York, binti mkubwa wa Edward IV, na Januari 1486 akamwoa.

Lakini kwa ile sheria ya 1484, bibi harusi ni mwana haramu. Henry akaifuta bila hata kuruhusu isomwe bungeni, na akaamuru nakala zake ziharibiwe. Sasa fuateni mantiki yake hatua kwa hatua, maana hapa ndipo utamu ulipo: ukimsafisha dada, umewasafisha na kaka zake. Kama mmoja wao yuko hai mahali fulani, huyo ndiye mfalme halali, na wewe Henry umemtengenezea njia kwa mkono wako kwa sababu ya kuoa.

Nitaendelea na kijana aliyetokea Cork. Naandika.

#2 · Mdau

Nimekaa mkao wa kula mkuu. Shusha nondo.

#3 · Mdau

Subscribed. Sijawahi kucheza huo mchezo lakini hii historia naifuata mpaka mwisho.

#4 · Mleta uzi

Tuendelee.

Mwaka 1491 kijana wa miaka kama 17 alishuka Cork, Ireland, kutoka kwenye meli ya mfanyabiashara wa Brittany. Alikuwa amevaa hariri za bosi wake, kuzitangaza. Kwa maelezo aliyoyatoa baadaye akiwa mikononi mwa Henry, watu wa Cork walipomwona walisema huyu ana damu ya kifalme. Kwanza wakamwambia wewe ni Earl (cheo cha bwana mkubwa) wa Warwick, mtoto wa ndugu yake Edward IV. Akakana. Wakasema basi wewe ni mtoto wa nje wa Richard III. Akakana. Mwisho wakasema wewe ni Richard wa York, yule mdogo aliyepotea Mnarani. Hapo akakubali. Sisi tunamjua kwa jina la Perkin Warbeck.

Maelezo ya mfungwa yachukuliwe kwa tahadhari, najua. Lakini kwa mtunzi wa kampeni ni hazina: kundi la watu wenye kinyongo na mfalme wanatafuta mtoto aliyefichwa, na wako tayari kumjaribishia nasaba tatu mpaka moja imkae.

Margaret wa Burgundy, dada yake Edward IV, akamkiri kuwa ni mtoto wa kaka yake. Kisha kijana akafika Scotland mwishoni mwa 1495, na mfalme wa huko, James IV, akafanya jambo lililo zito kuliko kumpa askari. Akamwoza. Januari 1496 Warbeck alimwoa Lady Catherine Gordon, binti wa Earl wa Huntly na jamaa wa mfalme. Hapo dai limeshaingia nyumbani mwa watu. Ukisema baadaye huyu bwana ni tapeli, umesema mfalme amemtupa binti wa jamaa yake kwa mtu asiye na asili.

Vita havikufika mbali. Uvamizi wa Septemba 1496 ulidumu siku chache tu. Mwaka uliofuata James akachoka naye, Warbeck akaenda Cornwall, akakamatwa, na Novemba 1499 akanyongwa Tyburn.

Na Catherine? Henry hakumdhuru. Alimweka awe miongoni mwa wanawake wa malkia, na malkia ni yuleyule Elizabeth wa York. Kama mumewe Catherine alikuwa mkweli, basi kila asubuhi alikuwa akimhudumia wifi yake. Mwaka 1503 James IV naye akamwoa Margaret, binti wa Henry. Mfalme yuleyule aliyetoa mke kuthibitisha dai la adui wa Henry, miaka saba baadaye ni mkwe wa Henry. Ndiyo siasa za uchumba hizo wakuu. Sihitaji joka.

#5 · Mdau

Hapo kwa wifi nimesimama nikazunguka chumba. Sasa mkuu, mezani unaingizaje? Maana wachezaji wangu mimi ukiwasomea nasaba za Uingereza wanafungua simu.

#6 · Mleta uzi

Huwasomei. Unaleta mshenga.

Nitoe mfano wa meza yetu. Mchezaji mmoja anamwigiza Tamima, binti wa mhunzi wa kijiji cha mpakani. Kabla ya kuanza aliniambia anataka asili yake iwe na shaka, na hataki kujua mimi nimepanga nini. Nikasema sawa. Nchi ile mfalme alikufa ghafla, nduguye akakalia kiti, na inasemekana mke mdogo wa marehemu alikuwa na mimba alipokimbia. Basi, hayo tu ndiyo wanayoyajua watu wote.

Kikao cha mapema kabisa, wamekaa kwa mhunzi wanarekebishiwa silaha, mshenga anabisha hodi. Ametumwa na bwana wa kaskazini, anamtaka Tamima kwa mwanawe. Anataja mahari: ng'ombe 40, shamba lenye kinu cha maji, na mnara wa kivukoni. Wachezaji walikuwa wanataniana bado. Anayemwigiza mlinzi akauliza polepole, "Mnara? Binti wa mhunzi anapewa mnara?" Kisha yule wa Tamima akanitazama mimi, akamtazama mshenga, akasema, "Huyu bwana anajua nini kunihusu ambacho mimi sikijui?"

Siri imefichuka bila mtu kuifichua. Mahari ndiyo iliyosema. Na tangu hapo kila mtu mezani alikuwa na kazi: mmoja anataka kumfuata mshenga kimyakimya, mwingine anataka kumbana mhunzi, mwingine anahesabu mnara ule una thamani gani kwa anayetaka kuvusha jeshi.

Posa ya pili ilitoka kwa mjane mwenye ardhi kidogo. Mahari yake ndogo. Sharti lake moja: kwenye hati ya ndoa, mbele ya mashahidi, litajwe jina la baba wa bibi harusi. Sasa mhunzi afanye nini? Akisema "ni binti yangu wa kumzaa", amelifunga dai la Tamima kwa ulimi wake mwenyewe, na amemlinda. Akinyamaza, amemtia kwenye mdomo wa simba. Nilimwigiza mhunzi yule kwa moyo wangu wote, kwa sababu katika kampeni nyingi baba mlezi hutupwa kando mara tu damu ya kifalme inapotajwa, na mimi hilo silikubali. Miaka yote aliyomlea ni haki pia. Anastahili kuulizwa, na anastahili kuumia.

Posa ya tatu ilitoka kwa mfalme mwenyewe, kwa mwanawe. Ndiyo njia ya Henry Tudor: dai linalokutisha lioe, liingize nyumbani, watoto watakaozaliwa wawe wako.

Na jambo moja la kiufundi ambalo nawasihi mlijaribu: mshenga mpeni mchezaji amwigize. Siku ile mhusika wa mchezaji mmoja alikuwa amelala na majeraha, hana la kufanya. Nikampa karatasi yenye mistari mitatu: bwana wako kakutuma useme hiki, kakukataza kusema hiki, na wewe mwenyewe unataka hiki. Mshenga anabeba maneno ya watu wawili na tumbo lake. Aliicheza nafasi hiyo vizuri kuliko mhusika wake wa siku zote.

#7 · Mdau

Mkuu naheshimu uzi, ila napinga. Kufichuliwa mwishoni kuna raha yake. Mfalme Arthur wa hadithi za kale za Uingereza mwenyewe alilelewa kwa Sir Ector bila kujua baba yake ni mfalme Uther, mpaka siku ya upanga, alipouchomoa kwenye jiwe. Watu wanasimulia hadi leo. Wewe unataka kutuondolea ile siku ya upanga.

#8 · Mleta uzi

Hoja nzuri, na mfano umeuchagua vizuri. Lakini tazama siku ya upanga inakaa wapi kwenye kisa cha Arthur. Iko mwanzoni kabisa! Akishauchomoa, wafalme wengine wanakataa kutawaliwa na kijana asiyejulikana baba yake, na anapigana nao. Kisha anamwoa Guinevere na pamoja naye inakuja ile Meza ya Duara, kutoka kwa baba mkwe. Ndoa tena. Na kosa linaloiangusha nchi yake linatokana na nasaba hiyohiyo iliyofichwa: analala na dada yake wa mama mmoja bila kujua ni dada yake, anazaliwa Mordred. Kufichwa kwa asili kulimkinga utotoni, kukamuua ukubwani. Kwa hiyo mimi sikuondolei upanga, nakuomba uuchomoe mapema ili tuone yanayofuata.

#9 · Mdau (Lamu)

Mumetaja Waingereza na mumesahau nyumbani. Kisa cha Fumo Liyongo hakina posa?

#10 · Mleta uzi

Umenitangulia, nilikuwa nakipanga, na kwa kweli ndicho kisa kinachoniuma kuliko vyote.

Baadhi ya masimulizi husema Liyongo alikuwa na haki ya kutawala kwa umri na uwezo, lakini mama yake hakuwa mke mkubwa, na kiti kikaenda kwa nduguye Mringwari. Nasaba haikufichwa. Kila mtu aliijua, na hilo linamtisha mfalme zaidi. Kisha Wagala (Waoromo) wanamwona Liyongo, wanastaajabia nguvu zake, wanaomba aoe kwao wapate mbegu ya shujaa. Ndoa hiyo inafungwa kwa ajili ya mtoto atakayezaliwa, Liyongo mwenyewe ni njia tu. Na mtoto akazaliwa.

Sasa mtoto huyo anapokua, watu wa mfalme kisiwani Pate wanamwita. Wanamwahidi uwaziri na binti wa mfalme amwoe, mradi aende akamuulize baba yake kinachoweza kumuua. Baba anajua kabisa kwa nini anaulizwa. Anamjibu hata hivyo: sindano ya shaba kitovuni. Kijana akafanya, na ile harusi hakuipata.

Posa mbili kwenye kisa kimoja. Ya kwanza ilitafuta damu ya Liyongo, ya pili ikaitumia damu hiyohiyo kumwaga damu yake. Mwenye kampeni inayohusu mtoto wa shujaa aanze na ahadi ya ndoa anayopewa mtoto, wala asianze na adui mwenye upanga. Mchezaji akikubali ile ahadi kwa sababu anamtaka yule binti kweli, hapo umepata kampeni.

#11 · Mdau (Mombasa)

Nikuongezee la kufu. Kwetu pwani walii, yaani msimamizi wa ndoa wa binti, anaweza kukataa posa kwa sababu muoaji si kufu wa binti, hadhi zao hazilingani. Sasa mtu amekataliwa posa kwa kuwa hana ukoo, halafu ijulikane ni mtoto wa bwana mkubwa. Yule walii aliyemkataa mbele za watu atauweka wapi uso?

#12 · Mleta uzi

Mkuu, hiyo naichukua kama ilivyo. Mnaona? Mtu wa kwanza kuitaka siri ifukiwe si adui wa mhusika, ni baba wa msichana anayempenda.

#13 · Mdau

Swali la kisheria. Huko Uingereza ya zamani mwana wa nje hakuwa na urithi. Je, nikitengeneza nchi ya pwani kwenye kampeni, kanuni ziwe zilezile?

#14 · Mleta uzi

Hapana, na kanuni ya urithi ndiyo ya kwanza kuiandika kabla hujachora ramani. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria akikiriwa na baba yake ni huru, ni halali, na anarithi kama ndugu zake. Sayyid Said alipokufa 1856, Majid aliyetawala Zanzibar baada yake alikuwa mwana wa suria, na Barghash aliyefuata vivyo hivyo. Hakuna aliyeweza kumwambia Majid "mama yako si mke". Mgogoro ukahama: nani kati ya wana wote walio halali ana watu, meli na marafiki wa nje. Kwenye nchi kama hiyo mtoto aliyefichwa anahitaji kitu kimoja tu, ushahidi kwamba baba alimkiri. Siri yako itakaa kwenye kinywa cha shahidi, wala haitakaa kwenye cheti cha ndoa.

Uingereza ya zamani ilikuwa kinyume. Duke wa Monmouth alikuwa mtoto wa Charles II kwa Lucy Walter, baba anamkiri, anampenda, anampa cheo. Hakuna anayepinga ni mtoto wa nani. Kinachotafutwa ni ndoa ya mama yake, na uvumi ukaenea kwamba kuna kasha jeusi lenye hati ya ndoa hiyo. Mfalme akatangaza rasmi kwamba hajawahi kuoa mwanamke yeyote ila malkia. Monmouth akainuka na jeshi mwaka 1685 hata hivyo, akashindwa Sedgemoor, akakatwa kichwa. Lile kasha lifanyeni kitu cha kutafutwa kwenye kampeni yenu, mtanishukuru.

Na kama mnataka mwanamke mwenye damu ya kifalme ambaye uchumba wake uliitikisa nchi, anzeni na Sayyida Salme, binti wa huyohuyo Sayyid Said. Alizaliwa 1844, akapendana na mfanyabiashara Mjerumani, akaondoka Zanzibar 1866 akiwa mjamzito, akaolewa Aden mwaka uliofuata na kuwa Emily Ruete. Mwaka 1885 alirudi, na waliomrudisha ni meli za kivita za Ujerumani. Dai lake la urithi lilikuwa la haki kwake mwenyewe, na kwa Bismarck, kansela wa Ujerumani, lilikuwa la kumbana Barghash. Walipopata walichokitaka, dai lake hawakulihitaji tena. Mhusika wa hivyo mezani, anayejua anatumiwa na bado anahitaji anayemtumia, ningempa kampeni nzima.

#15 · Mdau

Mimi nauliza la dadu. Mhusika wangu ana ushawishi mkubwa mno. Nikirusha nikapata 20, binti wa mfalme si ananipenda hapohapo?

#16 · Mleta uzi

Kwa meza yetu, hapana. Dadu inaamua kama walii amekukaribisha ndani, kama mshenga wako hakupotosha ujumbe, kama uvumi uliousambaza umeshika. Moyo wa binti unafuata yale anayoyataka yeye, na kazi yako ni kuyajua. Na kama binti huyo anaigizwa na mchezaji mwenzako, hakuna dadu kabisa. Moyo wa mhusika ni wa mwenye mhusika.

Hili nalisema kwa uzito. Kabla ya kampeni ya posa na ndoa, kaeni mzungumze. Nani yuko tayari kuigiza uchumba, nani hataki, ndoa ya kulazimishwa itajwe au isitajwe. Meza nyingi huweka kadi yenye alama ya X katikati, mtu akiigusa tukio linakatwa bila maswali. Kuna wachezaji ambao kulazimishwa kuolewa kwao si hadithi, na wewe msimamizi huwezi kujua ni nani.

#17 · Mdau

Mchezo gani unafaa? Sisi tunacheza Dungeons & Dragons, kanuni zake nyingi ni za kupigana.

#18 · Mleta uzi

Unaweza kuitumia, kanuni za msingi za toleo la tano ziko kwenye leseni huria tangu Januari 2023, kwa hiyo hata kuzitafsiri Kiswahili ruksa mradi umtaje mwenye kazi. Mambo ya posa utaongeza mwenyewe.

Ila kwa uzi huu nakupendekezea Pendragon, aliyoitunga Greg Stafford, ikatoka 1985. Kila mwisho wa mwaka wa mchezo kuna awamu ya majira ya baridi: unarusha dadu kuona mavuno, ndoa, watoto waliozaliwa na waliokufa. Knaiti wako, yaani mpiganaji wa farasi unayemwigiza, anazeeka, na mwisho unamcheza mwanawe. Tabia zimepangwa kwa jozi 13, kama huruma na ukatili, na kila jozi jumla yake ni 20. Ukipanda huku unashuka kule. Halafu kuna hisia kali zenye namba zake, upendo kwa ukoo, utii kwa bwana. Posa inayokutaka umsaliti bwana wako ili uinue ukoo wako inagonga namba mbili kwenye karatasi yako kwa wakati mmoja. Mchezaji anaiona kwa macho inavyomgharimu.

#19 · Mdau

Turudi kwa Tamima. Je, ni mtoto wa mfalme kweli au si kweli? Wewe msimamizi lazima unajua.

#20 · Mleta uzi

Sijaamua, na sitaamua. Ninachokijua ni kila mtu anaamini nini na ana nini mkononi. Mkunga ana kitambaa. Bwana wa kaskazini ana barua ambayo huenda aliiandikisha mwenyewe. Mfalme ana hofu. Mhunzi ana usiku mmoja ambao hajawahi kumsimulia mtu. Ukweli utakuwa ule ambao meza itaulipia.

#21 · Mdau

Na kama mchezaji akikataa posa zote tatu? Si kampeni imekwama?

#22 · Mleta uzi

Haikwami hata kidogo. Elizabeth I alitangazwa mwana haramu akiwa na miaka miwili, 1536. Baadaye sheria ya baba yake ikamrudisha kwenye mstari wa urithi bila kumrudishia uhalali. Akawa malkia 1558 na posa zikaja kama mvua: Philip wa Hispania, Erik wa Sweden, Archduke Charles wa Austria, na nyumbani Robert Dudley, ambaye mkewe alikutwa amekufa chini ya ngazi mwaka 1560 na watu wakanong'ona. Mwisho Duke wa Anjou wa Ufaransa. Mwaka 1581 alimpa pete mbele ya watu, kisha hakumwoa. Kila posa aliyoiacha ikining'inia ilimpa mwaka mwingine ambao nchi moja haikuthubutu kumshambulia kwa kuogopa kuiharibu nafasi yake.

Kwa hiyo mchezaji wako akikataa, muulize kitu kimoja: amekataa, au bado hajajibu? Akisema hajajibu, mpe karatasi ya washenga wote walio barazani, na andika pembeni ya kila mmoja ana subira ya misimu mingapi. Wa kaskazini mpe mmoja tu.